Obama Naye Alipita Bila Kupingwa

Tarehe 2 Januari 1996, watu wengine wakiwa bado na uchovu wa mwaka mpya, kikundi kidogo kiliingia kwenye chumba cha mashauri cha Bodi ya Uchaguzi ya Chicago kikiwa na pingamizi mkononi. Kazi yao ilikuwa ya kuumiza macho: kupitia fomu za wadhamini za wagombea wengine, jina kwa jina, na kuonesha kwa nini jina hili lisihesabiwe. Huyu hakutia saini, ameandika jina kwa herufi za kuchapa. Huyu anwani yake iko nje ya eneo la uchaguzi. Huyu hayumo kwenye daftari la wapigakura.

Kura za maoni za kumteua mgombea wa chama cha Democratic zilikuwa mwezi Machi. Hadi pingamizi zinakwisha, wapinzani wote wanne wa bosi wao walikuwa nje.

Bosi mwenyewe alikuwa wakili wa miaka 34, mhadhiri wa sheria, anautafuta useneta wa jimbo la Illinois. Si ule useneta wa Washington. Huu ni wa bunge la jimbo, nafasi ambayo Wamarekani wengi ukiwauliza nani anawawakilisha huko watakuna kichwa.

Jina lake Barack Obama.

Alipita bila kupingwa.

## Fomu ya baba mdogo

Mwaka 2019, hapa Tanzania, baba yangu mdogo aligombea uenyekiti wa mtaa. Mtu wa watu, ndiye anayeitwa usiku kukiwa na msiba au ugomvi wa mpaka. Akaenguliwa. Sababu iliyobandikwa ukutani ilikuwa kwamba kwenye nafasi ya jina la chama aliandika kifupi chake badala ya jina kamili.

Nilimpigia simu kumpa pole. "Mwanangu," akaniambia, "usinipe pole ya kushindwa. Mimi sijashindwa. Mimi sijapigiwa kura."

Hayo ya 2019 mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Vyama vikubwa vya upinzani vilisusa, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka uliofuata, majimbo zaidi ya ishirini yakapata mbunge hata kabla ya siku ya kupiga kura.

Sasa, wiki kadhaa zilizopita nilikuwa kwenye kahawa, nalalamika yaleyale. Kijana mmoja, kada wa chama na hafichi, akanikata kauli: "Kaka, hata Obama wenu aliwaengua wenzake. Mbona kwake mlipiga vigelegele?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikajua ni maneno ya vijiweni. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na usingizi ukaniruka. Kijana hakudanganya.

Tangu hapo kitu hiki hakijaniacha. Nimejaribu kukipa jibu la haraka, la kwamba kwao ni sheria na kwetu ni figisu, lakini kila nikilitamka nalisikia linapwaya.

## Mama Palmer

Aliyeumia zaidi ni Alice Palmer. Ndiye aliyekuwa seneta wa jimbo wa eneo la 13, kusini mwa Chicago, eneo lenye Hyde Park ya wasomi upande mmoja na mitaa ya Waafrika Wamarekani wa kipato cha chini upande mwingine. Msomi, mwanaharakati, anaheshimika.

Mwaka 1995 mbunge wa eneo hilo kule Washington, Mel Reynolds, alitiwa hatiani mahakamani na kiti kikawa wazi. Palmer alikuwa ameshasema anakwenda kukigombea. Kiti chake cha jimbo akamwachia kijana Obama, akamtambulisha kwa watu wake, akambariki. Sisi huku tunaijua vizuri habari ya mzee kumshika mkono kijana mbele ya wapigakura.

Novemba Palmer akaanguka vibaya. Alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. aliyeshinda na Emil Jones, mkongwe wa siasa za jimbo. Likumbukeni hilo jina la Jones.

Baada ya hapo wafuasi wa Palmer walimwendea Obama: mwachie mama kiti chake, wewe bado kijana, zamu yako itakuja. Obama akakataa. Alisema ameshaanza kampeni, ameshachukua fedha za watu na muda wao.

Hapo sina ugomvi naye. Neno la Palmer lilikuwa neno, na kijana hakuwa mlinzi wa kiti. Ugomvi wangu unaanzia kwenye kilichofuata.

Palmer alikuwa na siku chache tu za kukusanya saini. Zilihitajika 757. Alipeleka 1,580, mara mbili ya kiwango, lakini za haraka haraka. Zilipochujwa, hazikutosha, akajitoa. Mgombea mwingine, Gha-is Askia, alipeleka 1,899. Pingamizi zikaondoa 1,211. Akapungukiwa na saini 69.

Saini sitini na tisa.

Kinachonichoma ni historia ya huyu anayechuja. Mwaka 1992, miaka michache tu nyuma, Obama aliongoza mradi wa kuandikisha wapigakura Illinois, ukaandikisha watu zaidi ya laki moja, wengi wao maskini na weusi wa Chicago. Sifa yake mjini ilijengwa hapo. Alikuwa anajua kuliko mtu yeyote jinsi jina la mtu wa mitaa ile linavyoweza kukosekana daftarini: amehama nyumba, ameondolewa kwenye orodha, hakuambiwa. Na majina ya aina hiyo ndiyo watu wake walikuwa wanayakata.

Mwaka 2007, akiwa tayari anaitafuta Ikulu, mwandishi wa habari alimuuliza kama wananchi wa eneo lile walitendewa haki kuwekewa jina moja tu. Akatabasamu, akajibu kwamba anadhani walipata seneta mzuri sana.

Jibu la mtu aliyeshinda, hilo. Hata viongozi wetu wanalo.

## Nani ameshika kalamu

Nimejitahidi kumtetea, na utetezi upo.

Kwanza, Chicago mchezo huu ni wa zamani, kila mgombea anaujua, na wako mawakili ambao ndiyo kazi yao. Atakayeingia uwanjani na saini chapwa amejitakia. Pili, pingamizi linaletwa na upande mwingine, si na msimamizi. Linasikilizwa mezani, aliyepingwa yupo, anajibu, na asiporidhika mahakama ipo. Tatu, Obama hakuwa mtu wa mfumo. Hakuna bosi wa chama aliyeipigia simu bodi ile imsaidie. Palmer naye angeweza kuzipekua fomu za Obama kwa kanuni ileile.

Ukilinganisha na kwetu, ambako aliyeona kosa kwenye fomu ya baba mdogo ni mwajiriwa wa halmashauri, na hakuna mpinzani aliyelalamika, tofauti inaonekana. Hata kwenye ngazi ya ubunge tuliwahi kuulizana mahakamani kama mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais anafaa kusimamia uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hafai, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikasema anafaa.

Kwa hiyo aliyeshika kalamu ana maana kubwa. Nilifika hapo nikadhani nimepona, nikataka kumrudia yule kijana.

Lakini simama upande wa mama mmoja wa mitaa ile ya Chicago, Machi 1996. Ametoka kazini, amepanga foleni, amepewa karatasi. Jina ni moja. Yeye hajali nani alileta pingamizi wala chumba gani lilisikilizwa. Kuna mamia ya watu walioweka saini kusema tunamtaka Askia awepo. Hayupo. Novemba kulikuwa na wapinzani wawili wa vyama vingine, na Obama alipata zaidi ya asilimia 80, lakini kwa eneo lile ukishapata tiketi ya Democratic umemaliza.

Ni sheria, sawa. Wala sidhani alivunja kifungu chochote. Ila deni limebaki, na tabasamu halikulilipa.

## Springfield

Kuna watu wanadhani alikwenda bungeni moja kwa moja akawaka. Hapana. Aliapishwa Januari 1997, akaanza miaka sita ya kukaa benchi.

Makao makuu ya Illinois si Chicago, ni Springfield, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi, saa tatu na zaidi kwa gari. Seneti ina viti 59. Republican walikuwa wengi, na rais wa Seneti, Pate Philip wa chama chao, ndiye aliyeamua mswada gani uonekane na upi ufie kwenye droo. Democrat mpya, mweusi, mwenye shahada ya Harvard, anapenda kuhutubia kama yuko darasani: hata wenzake weusi walimchoka. Rickey Hendon na Donne Trotter walimsumbua waziwazi, na kuna siku yeye na Hendon nusura wakunjane mashati.

Alichofanya ndicho kinachonifurahisha. Alijiunga na meza ya karata. Terry Link na maseneta wengine, wazungu wa vitongojini na mashambani, walikuwa wanacheza poka usiku kwa dau la dola moja moja. Obama akawa anakwenda, anacheza kwa tahadhari, anasikiliza. Mtu wa Hyde Park ambaye hakuwa na sababu ya kumjua mkulima wa Illinois, akamjua pale. Mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya maadili iliyobana zawadi kwa wanasiasa, akafanya kazi na Republican kuipata.

Kisha kuna ile habari ya vitufe. Kwenye meza ya seneta wa Illinois kuna ndiyo, kuna hapana, na kuna "nipo". Ukibonyeza "nipo" hujapinga wala hujakubali, lakini kwa kuwa mswada unahitaji kura 30 kamili, kimya chako kinaumiza upande wa ndiyo. Kati ya kura kama 4,000 alizopiga miaka yote ile, mara 129 alibonyeza "nipo". Mwaka 2008 Hillary Clinton alimsulubu kwa hilo. Palmer, kwa taarifa yenu, alikuwa upande wa Hillary.

Mimi hilo la 129 halinishtui sana. Mara nyingine ilikuwa mbinu ya chama. Mara nyingine, nadhani, ilikuwa woga wa kawaida wa mtu anayejua atagombea kitu kikubwa zaidi.

## Kipigo

Mwaka 2000 akagombea. Alimlenga Bobby Rush, mbunge wa Washington, aliyewahi kuwa Black Panther, lile kundi la wapigania haki za weusi. Rush alikuwa ametoka kupigwa na meya Daley kwenye uchaguzi wa umeya wa Chicago mwaka 1999, na Obama akahesabu kwamba simba kazeeka.

Oktoba 1999, kampeni zikiwa zimeanza, mtoto wa kiume wa Rush akapigwa risasi akafa. Mji ukamlilia. Desemba, mswada mkubwa wa udhibiti wa silaha ukaletwa Springfield, Obama akiwa Hawaii kwa sikukuu, bintiye Malia anaumwa. Hakurudi kupiga kura. Mswada ukaanguka kwa kura chache, na magazeti yakamtandika. Mitaani wakasema huyu ni wa chuo kikuu, si wa kwetu, hata weusi wake una walakini.

Machi 21, 2000: Rush asilimia 61, Obama 30. Trotter, yuleyule wa Seneti, 7.

Katika kusoma kwangu kote nilikwama hapa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Hii ndiyo mara ya kwanza Barack Obama anasimama kwenye kura za maoni dhidi ya watu halisi, majina yao yote yakiwa kwenye karatasi. Na wapigakura, baadhi yao walewale wa eneo lake, walimkataa mbili kwa moja.

Kumbe walikuwa na maoni yao. Tatizo ni kwamba 1996 hawakuulizwa.

Miezi michache baadaye alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Uwanja wa ndege kadi yake ya mkopo ikakataliwa kwenye dirisha la kukodi gari, na mkutanoni hakupata kibali cha kuingia ukumbini. Akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Miaka minne baadaye ndiye aliyepewa jukwaa la mkutano huohuo, lakini hayo mnayajua.

Mimi naamini kipigo kile ndicho kilimfundisha kuzungumza. Siwezi kuthibitisha. Ila msome au msikilize kabla ya 2000 na baada yake. Yule wa baada hahutubii darasa.

## Kofia

Kilichomwinua, hata hivyo, hakikuwa hotuba. Mwaka 2001 Illinois ilitakiwa kuchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Tume ya kuchora mipaka hiyo ikifungana, katiba ya jimbo inasema waziri wa jimbo achote jina moja kati ya mawili, la chama hiki au kile, na atakayetoka anakuwa mjumbe wa kuvunja sare. Jina lilichotwa kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln. Likatoka la Michael Bilandic, Democrat.

Chama kizima kilibadilika kwa karatasi moja ndani ya kofia. Sisi tunaoambiwa demokrasia za wakubwa ni mashine iliyopakwa mafuta, hapo tunayo ya kusimulia.

Obama alikuwa ameshakaa na mtaalamu wa ramani wa chama mbele ya kompyuta. Eneo lake likanyooshwa kaskazini kufuata ziwa hadi katikati ya jiji na majumba ya matajiri. Bado lilikuwa na weusi wengi, lakini sasa lilikuwa pia na wachangiaji wa fedha. Wapigakura wanachagua wawakilishi. Hapa mwakilishi alichagua wapigakura. Mezani tena.

Uchaguzi wa 2002 uliipa Democratic Seneti, na Januari 2003 rais wa Seneti akawa nani? Emil Jones, yule wa Novemba 1995. Obama akamwendea, akamwambia ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Washington. Jones akauliza ni nani. Mimi, akasema.

## Mkanda wa mahojiano

Jones akampa miswada. Mmoja niueleze kidogo, maana ndio unaonitatiza kuliko yote.

Chicago ilikuwa na kidonda cha miaka: polisi chini ya kamanda Jon Burge waliwatesa watuhumiwa weusi hadi wakakiri. Tangu Illinois irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977, watu 12 waliuawa kwa sindano, na 13 waliohukumiwa wakaja kuonekana hawakustahili kuwa pale. Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha hukumu hizo mwaka 2000, na Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka, akawapunguzia adhabu wafungwa 167.

Obama akaleta sheria: polisi wakimhoji mtuhumiwa wa mauaji, mahojiano yarekodiwe tangu mwanzo. Si wakati wa kukiri tu. Mwanzo hadi mwisho.

Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, wa chama chake mwenyewe, hakuitaka. Na watetezi wa haki waliogopa italegezwa. Akakaa nao wote, kikao baada ya kikao, akiwaambia polisi kwamba mkanda unamlinda pia askari asiye na hatia. Alikubali vighairi kadhaa, akakataa vilivyoua mswada. Ulipopigiwa kura Seneti, haukupata hata kura moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Hapo ndipo meza ya karata ilipolipa.

Ndipo ninapopata shida pia. Huenda kuna kijana hakupigwa kwenye chumba cha mahojiano mwaka 2006 kwa sababu ya mkanda ule, na mkanda upo kwa sababu seneta alikuwa huyu na si mwingine. Je, hilo linafuta saini 69 za Askia? Kichwa kinaniambia hapana, matunda hayausafishi mlango ulioingilia. Halafu namfikiria yule kijana chumbani, na sauti inapungua.

Sijui Palmer angefanya nini. Hakuna anayejua.

## Kiti

Machi 2004, kwenye kura za maoni za useneta wa Washington, walikuwa wagombea saba. Tajiri mmoja, Blair Hull, alimwaga takribani dola milioni 29 za kwake. Obama akapata asilimia 53. Novemba akamshinda Alan Keyes kwa 70 dhidi ya 27. Majina yote yalikuwepo, wananchi wakaulizwa, wakasema ndiyo kwa sauti.

Akaacha kiti cha eneo la 13. Viongozi wa chama wa eneo wakakutana wakamteua Kwame Raoul, wakili, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul amefanya vizuri. Mwaka 2018 alichaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois, kwa kura.

Na Palmer je, yeye alikipataje? Mwaka 1991 seneta Richard Newhouse alistaafu kabla muhula haujaisha. Palmer aliteuliwa kujaza nafasi.

Newhouse kwenda kwa Palmer, uteuzi. Palmer kwenda kwa Obama, pingamizi. Obama kwenda kwa Raoul, uteuzi. Mara tatu mfululizo kiti kile kilipata mtu mpya, na mara zote tatu mambo yaliishia mezani kabla mpigakura wa chama hajawekewa majina mawili achague.